Bana Maji Chooni, Usiyabane Kooni

Kiangazi kikishakaza hapa Dar es Salaam, watu huanza kubana maji kwenye koo. Dumu la maji ya kunywa linapandishwa juu ya kabati ili watoto wasilimalize. Bibi anapewa kikombe kimoja asubuhi, kingine jioni. Na katika nyumba hiyohiyo, ukiingia chooni, unakuta tangi la kuflashia linavuja usiku kucha na hakuna anayeshtuka. Hilo linaniuma, maana wanaoumizwa na ubanaji wa namna hii ni wasioweza kujisemea.

Uhaba ni wa kweli. Oktoba 2022, mvua za vuli zilipochelewa na maji ya Mto Ruvu yakapungua, tulitangaziwa mgao. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayotunywesha wengi wetu, kwa hiyo mto ukikauka kidogo tu, sisi wa vilimani kama Kimara tunabaki na bomba linalotoa hewa, na dumu linapanda bei. Kubana ni lazima. Ninachobishania ni wapi.

Anza chooni. Kuflashi mara moja kunaweza kuondoka na lita 6 hadi 9, maji ambayo mtu mzima hayanywi kwa siku nzima. Mimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi, usiflashi kwa robo saa, kisha angalia sinki la choo. Ukiona rangi imeshuka, tangi linavuja. Mwite fundi leo. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde nalo hupoteza zaidi ya lita 10 kwa siku. Maji ya kusuuzia nguo yasimwagwe uani, yaingie kwenye ndoo ya choo. Hapo umeokoa maji bila kumnyima mtu tone.

Ukihifadhi, funika. Mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana kwenye maji yaliyotuama majumbani, mapipani na ndooni, na jiji hili liliugua dengi mwaka 2019 wengi wetu tukiona. Kama mkaa au gesi imekuwa ghali kuchemshia, jua lenyewe linasaidia: maji yasiyo na tope, kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga isiyozidi lita 2, yakilazwa kwenye jua kali kwa saa 6, vijidudu vingi vya kuharisha hufa. Kukiwa na mawingu, yaache siku mbili.

Sasa koo. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, mwili unadai maji, usisubiri kiu. Wazee huchelewa kuisikia kiu, kwa hiyo wapelekewe kikombe mkononi mara kwa mara. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au akazimia, ngozi ikiwa ya moto, huyo ana hatari ya kufa: mhamishie kivulini, mloweshe kwa kanga yenye maji, mpepee, na usafiri wa hospitali utafutwe wakati huohuo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Kuhusu umeme, watu hukimbilia kiyoyozi kabla ya kutazama paa. Mwanzoni mwa Machi, na tena kama tarehe 10 Oktoba, jua la mchana hupita utosini kabisa hapa Dar, kwa hiyo joto kubwa linatushukia kupitia bati. Dari, au hata rangi nyeupe juu ya bati, ni fedha inayokaa miaka. Usiku, feni ya wati 60 ikizunguka kwa muda wa saa nane haimalizi hata nusu uniti ya LUKU. Kiyoyozi kidogo kinaweza kula mara kumi ya hapo.

Lakini wapo wanaoshinda juani mchana kutwa bila paa la kupaka rangi: vibarua wa majengo. Nimeona saidia fundi akinunua maji kwa fedha yake mfukoni, kwenye jengo la ghorofa. Mwenye kulipia saruji na nondo hawezi kushindwa kulipia tangi la maji ya kunywa na turubai la kivuli. Kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi, ya juu ya paa ikome kabla ya saa tano, na kibarua anywe bila kuomba ruhusa kwa msimamizi.