Uniti 75 na sufuria ya maharage

Yapo mambo mawili ambayo mkazi wa mjini nchini Tanzania huyaamini bila kuyapima: kwamba mkaa ni nafuu, na kwamba umeme ukiupikia unakula hela. La kwanza limeanza kutiliwa shaka, maana bei ya gunia hupanda kila masika barabara za porini zinapokatika, na jua likirudi bei hairudi yote. La pili limebaki imara hata kwa watu ambao mahesabu ndiyo kazi yao. Ninataka kulipima hili la pili, kwa sababu naona lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo haikuletwa na umeme wenyewe, imeletwa na namna tunavyouuza.

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Takwimu zilizotumika wakati unaandaliwa zilionyesha kwamba asilimia 63.5 ya kaya zilitegemea kuni, asilimia 26.2 mkaa, asilimia 5.1 gesi ya mitungi na asilimia 3 tu umeme. Tangu wakati huo sauti kubwa imekuwa ya gesi. Mitungi ya kilo sita zaidi ya 450,000 ilitengewa ruzuku ya nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, na picha za akina mama wakikabidhiwa mitungi zimekuwa sehemu ya kila mkutano wa hadhara. Sina ugomvi na gesi. Inawaka haraka, haina moshi, na aliyeizoea harudi kwenye mkaa kwa hiari. Lakini gesi ya mitungi tunaiagiza kutoka ng'ambo na kuilipia kwa dola, tofauti na ile ya Songosongo na Mtwara ambayo husafiri kwa bomba na hufika kwenye majiko machache mno. Wakati huohuo tuna bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na katika mvua za mwaka 2024 baadhi ya mitambo ya kufua umeme kwa maji ilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji ya nchi. Nchi inazima mitambo huku mwananchi aliye chini ya waya wa umeme akipuliza mkaa.

Wanaosema umeme ni ghali kuupikia kwa kawaida wanakumbuka jiko la koili. Hawakosei. Koili hupasha hewa ya chumba, hupasha chuma chake chenyewe, hupasha mfuniko unaochezacheza, na maharage yaliyomo hupata kinachobaki kwa muda wa saa mbili au tatu. Presha kuka ya umeme ni chombo cha tabia nyingine. Mfuniko wake hufungwa, mvuke hauna pa kwenda, maji huchemka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 110 badala ya 100, na kwa sababu kuta zake zimezuiwa kupoteza joto, umeme hukatika wenyewe na chakula huendelea kuiva. Maharage ambayo kwenye koili yangemaliza uniti nzima ya umeme (kilowati-saa moja) au zaidi, humo huiva kwa takriban theluthi moja ya uniti. Bibi zetu waliofunika sufuria kwa blanketi ndani ya kikapu ili wali umalizike kuiva walikuwa wanafanya jambo hilohilo. Waliokoa kuni kwa kulizuia joto lisitoroke.

Ukitaka kuulinganisha na mkaa, chukua kilo moja. Ndani yake mna joto linalokaribia uniti nane za umeme. Jiko la kawaida la bati hufikisha sufuriani kama moja ya tano ya joto hilo, yaani uniti moja na nusu hivi, na lililosalia hupasha ukuta, mguu wa mpishi na anga. Tena kilo hiyo yenyewe, katika tanuri la udongo la porini, ilihitaji kilo tano hadi kumi za kuni ili ipatikane. Kwa mizani ya joto, mashindano haya yameshaisha. Yanayobaki ni mashindano ya bei, na hapo ndipo mtu makini anapopaswa kutulia.

Kaya yenye matumizi madogo hununua umeme kwa shilingi 100 kwa uniti, mradi isivuke uniti 75 kwa mwezi. Pamoja na kodi na tozo, bei hiyo huwa 122. Anayevuka hutozwa 350 kabla ya kodi kwa kila uniti iliyozidi, na akizoea kuvuka huhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, kuanzia ile ya kwanza kabisa, ni shilingi 292, yaani 356 kodi na tozo zikiingia. Bei hizi zilipitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, mwaka 2016, na kwa wakati wake zilikuwa jambo jema: taa, televisheni, feni na simu vya mtu wa kipato cha chini vilipata kinga. Sufuria haikufikiriwa.

Sasa tuchukue kaya inayotumia uniti 60 kwa mwezi. Inalipa shilingi 7,320. Mama wa nyumba ananunua presha kuka, anaitumia kwa uniti moja kwa siku, nayo ni matumizi ya kiasi, na mwisho wa mwezi kaya imefika uniti 90. Baada ya kuhamishwa kundi, uniti hizo 90 zinagharimu shilingi 32,040. Tofauti ni shilingi 24,720, na tofauti hiyo yote imeletwa na uniti 30 za jikoni. Gawanya: kila uniti aliyopikia imemgharimu shilingi 824. Hakuna popote katika jedwali la bei palipoandikwa 824, lakini ndiyo bei aliyolipa, kwa sababu kwa kupika amejikuta akilipia upya na kwa bei kubwa hata taa alizokuwa akiwasha tangu zamani. Kwa fedha hiyo angekaribia kujaza mtungi wa gesi wa kilo sita.

Jirani yake wa ukuta wa pili, ambaye tayari alikuwa kundi la kawaida kwa sababu ana friji kubwa na pasi isiyopumzika, akinunua presha kuka ileile na kupika maharage yaleyale, uniti zake 30 zitamgharimu shilingi 10,680. Na mjane anayeishi peke yake kwa uniti 30 za taa na redio akiongeza 30 za jikoni, atalipa nyongeza ya 3,660 tu kwa kuwa bado yuko chini ya mstari. Watu watatu, chombo kimoja, uniti 30 kwa kila mmoja. Wa kwanza amelipa karibu mara saba ya wa tatu. Aliyeumizwa si tajiri wala si fukara wa mwisho. Ni yule wa katikati, mwenye uniti 50, 60 au 70, ambaye ndiye hasa mkakati ulipaswa kumvuta, kwa kuwa umeme anao, na uwezo wa kununua chombo cha shilingi laki moja na ushee anaweza kuutafuta.

Mtu atauliza: hata kwa shilingi 24,720, je, mkaa si ghali zaidi? Familia inayonunua mkaa wa shilingi 1,500 kila siku hutumia 45,000 kwa mwezi, kwa hiyo jibu linaonekana kuwa ndiyo. Tatizo ni kwamba hakuna anayeacha mkaa wote kwa siku moja. Presha kuka huchukua maharage, makande, nyama, wali na supu. Ugali wa kusongwa na chapati hubaki kwenye jiko jingine. Tukisema mkaa umepungua kwa nusu, ameokoa 22,500 na ameongezewa 24,720 kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Amepata hasara ya shilingi elfu mbili na mia mbili na ushee, na atawaambia wenzake kwenye kikundi cha vikoba kwamba umeme unakula hela. Atakuwa anasema kweli. Kama uniti zile 30 zingetozwa 356 kila moja, na zile 60 za zamani zikaachwa katika bei yake, angebaki na faida ya takriban 11,800 kila mwezi, na chombo kingejilipa ndani ya mwaka.

Uganda iliona jambo hili mapema. Tangu mwaka 2022 mdhibiti wao wa umeme aliweka bei ya kupikia: baada ya uniti 15 za mwanzo za bei ya chini, mteja wa nyumbani alilipa zaidi ya shilingi 700 za Uganda kwa uniti hadi ya 80, kisha uniti za 81 hadi 150 zikashuka hadi 412. Ngazi yao hushuka pale ambapo yetu hupanda. Kenya nayo ilikwenda upande wetu, tena kwa kasi, iliposhusha kikomo cha bei ya wanyonge kutoka uniti 100 hadi 30 Aprili 2023, ingawa shirika lao la umeme limekuwa na kampeni yake ya Pika na Power kwa miaka kadhaa.

Wapo wenye hoja za kuacha mambo yalivyo, na hoja zao si za kubezwa. Bei ya shilingi 100 haifidii gharama ya kuufua na kuusafirisha umeme. Pengo lake hubebwa na wateja wengine. Ukisogeza mstari kutoka 75 hadi 150 bila masharti, utawapa nafuu pia watu wenye nyumba za pili zinazotembelewa mwisho wa wiki. Hoja iliyo nzito zaidi ni ya saa. Watu hupika kuanzia saa 12 jioni, wakati uleule taa zote na televisheni zote zimewashwa, na transfoma ya mtaa haijui kwamba Rufiji kuna maji ya kutosha. Inajua tu kwamba imezidiwa. Majiko elfu ya wati elfu moja moja yakiwashwa kwa pamoja ni megawati nzima katika kata moja. Hili nalikubali, na ndiyo sababu ningependelea nafuu iende kwa uniti za mchana kabla ya kwenda kwa zote, maana makande hayadai kuchungwa na yanaweza kupikwa saa nane na kukuta watu jioni yakiwa ya moto. Ila hilo linahitaji mita zinazosoma saa, na mita nyingi zilizopo hazisomi.

Mkaa nao una utetezi wake ambao watu wa mikakati huupita haraka. Unanunulika kwa kopo, kwa fedha ya leo, bila kuomba mkopo wala kusubiri tokeni. Haukatiki saa moja usiku. Na katika nyanda za juu, Makete, Njombe, Mufindi, jiko la mkaa mwezi wa Julai halipiki tu. Baada ya chakula huingizwa ndani, na watoto hulizunguka. Joto lile nililolihesabu juu kama hasara, kule ni nusu ya faida. Presha kuka iliyozuia joto vizuri haimpi mtu chochote cha kuota, na anayehamia umeme huko atajikuta anahitaji blanketi la ziada au hita, ambayo kwa umeme ni mlaji wa kweli. Lakini jiko hilohilo katika chumba kilichofungwa madirisha ndilo linalozalisha hewa ya monoksidi isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi husikika habari za waliolala wasiamke. Nyumba za huko zinahitaji dari na madirisha yanayoziba upepo kabla hazijahitaji jiko jipya, na hilo katika mkakati wa kupikia halina pa kukaa kwa sababu limehesabiwa kuwa ni suala la ujenzi.

Nimeacha mwisho kundi ambalo hesabu zangu zote za uniti 75 haziligusi. Nyumba ya vyumba sita, mita moja, wapangaji sita. Mita hiyo ilishavuka mstari zamani kwa taa na feni za watu wote, kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja, mwenye balbu mbili na simu, anachangia kwa bei ya 356 ilhali mwenye nyumba ya peke yake, mwenye kipato cha juu kuliko chake, ananunua kwa 122. Kwake presha kuka ingelipa kuliko kwa karibu kila mtu, kwa kuwa hana nafuu ya kupoteza. Lakini mchango wa LUKU hugawanywa kwa vichwa, na anayeonekana na chombo cha umeme chumbani hushukiwa kuwa anawalia wenzake. Katika nyumba niliyowahi kupanga, sharti la kwanza la mama mwenye nyumba, kabla hata ya kodi ya miezi sita, lilikuwa: hakuna jiko la umeme wala pasi usiku. Kumwekea kila mpangaji mita yake kutoka shirika la umeme hugharimu shilingi 320,960 kwa kila muunganisho mjini, wakati kijijini ni 27,000. Mita ndogo za ndani, za kusoma tu nani katumia ngapi, ni za bei ya chini zaidi kuliko hiyo, na baadhi ya wenye nyumba wameanza kuzifunga kwa sababu zimewapunguzia kesi za uani. Katika nyumba hizo sharti la jiko la umeme limeanza kuondolewa, bila mkutano na bila ruzuku.