Mkojo Hausemi Nani Amelewa

Hapa Mombasa, ambapo riziki ya nyumba nyingi hutoka bandari ya Kilindini, kupimwa mkojo ili kusaka bangi kabla ya kupanda meli au kukabidhiwa kreni hakushangazi, na sababu yake inaeleweka: kontena la futi 40 likiponyoka hewani, aliye chini hana pa kukimbilia. Wala bangi si jani la mchezo. Huwaletea wavutaji wa kila siku kikohozi kisichoisha na, kwa baadhi yao, kurukwa na akili. Inakadiriwa kwamba mmoja katika kila sita wanaoianza wakiwa vijana wadogo hushindwa kujinasua.

Linalonisumbua ni kipimo chenyewe. Kwa pombe, marekebisho ya Manila ya mwaka 2010, ya mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, yaliwawekea mabaharia wenye majukumu ya usalama kiwango kisichozidi asilimia 0.05 katika damu, hivyo aliyekunywa Jumamosi akalala akalevuka huingia zamu ya Jumatatu bila swali. Aliyevuta bangi hapewi nafasi hiyo. Kilevi chake, THC, hujificha katika mafuta ya mwili, na kinachosakwa kwenye mkojo ni mabaki yaliyokwisha kuvunjwavunjwa na ini, ambayo hayalevyi. Aliyevuta mara moja huweza kunaswa siku 3 au 4 baadaye, na mvutaji wa kila siku hata siku 30 baada ya kuacha, ilhali ulevi wenyewe humtoka mtu kwa saa chache. Basi kijana aliyeacha bangi, ambaye ndiye tungepaswa kumshika mkono, hukosa kazi, na asiye na mazoea aliyevuta saa moja iliyopita anaweza kupita, kwa kuwa mabaki hayajafika kwenye mkojo.

Tena baadhi ya vipimo vya haraka vimewahi kuwasingizia bangi watumiaji wa efavirenz, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Mtu huyo atajitetea vipi bila kumfichulia mwajiri siri ya afya yake?

Watetezi wa kipimo hukumbusha kwamba bangi ni haramu kisheria nchini Kenya, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo kuhukumu kosa la jinai ni kazi ya mahakama. Mwajiri anahitaji kujua kama mtu yuko timamu zamu inapoanza. Kipimo cha mate, ambacho hutafuta THC yenyewe, hukaribia zaidi jibu hilo, ingawa nacho kina kasoro zake. Kitumiwe hicho, na kila jibu baya lithibitishwe na maabara kabla ya barua ya kufukuzwa kuandikwa.