Mstari wa Kiswahili Haupangwi kwa Kanuni za Kiingereza

Waandishi wengi wanaojichapishia vitabu hubishana miezi kadhaa juu ya jalada, kisha kurasa za ndani wanazipeleka kwa mchapaji kama zilivyotoka kwenye Word: A4 imebanwa ikawa A5, pambizo ni zilezile za barua ya ofisini. Hapo ndipo msomaji anapopotezwa. Jalada litamvuta akishike kitabu, lakini atakayekaa naye hadi ukurasa wa mwisho ni mstari.

Na mstari wa Kiswahili una tabia zake, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja kama "hawajatutembelea" kina herufi 16. Sasa iamuru programu inyooshe maandishi pande zote mbili, kwenye ukurasa wenye upana wa milimita 148, bila ruhusa ya kukata maneno. Neno refu lisipoenea mwishoni linaangushwa chini zimazima, na maneno machache yaliyobaki yanavutwa mpaka yaguse ukingo. Mistari ya namna hiyo ikifuatana, weupe unashuka katikati ya aya kama mfereji, na jicho linaufuata huo badala ya kufuata maneno.

Wengine wakiona hivyo huwasha ukataji wa maneno huku programu bado inaamini kwamba kitabu ni cha Kiingereza. Matokeo yake ni "kitan-da" na "wanafun-zi". Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na herufi kama "nd", "nz" na "mb" haziachanishwi ndani ya silabi hizo. Sahihi ni "kita-nda", "wanafu-nzi". Kinachoniudhi zaidi ni kuona "ng" imebaki juu, halafu ritifaa yake, yaani alama ('), imeshuka mstari wa pili pamoja na "ombe". Katika kitabu cha watoto hilo halivumiliki kabisa, maana mtoto anakiamini kitabu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiambia programu kuwa lugha ni Kiswahili. Kama haina kanuni za kukata za Kiswahili, zima ukataji, kisha pale panapoachama weka kwa mkono vistari vya hiari, vile visivyoonekana mpaka neno lifike ukingoni. Usiweke kistari cha kawaida: maandishi yakisogea kidogo tu, kitabaki kimekwama katikati ya mstari. Ni kazi ya kuchosha, na inalipa. Asiyekuwa na muda nayo aache ukingo wa kulia bila kunyooshwa. Najua wachapishaji wadogo wanahofia kuonekana hawajui kazi, lakini nafasi sawa kati ya maneno ni heshima kubwa kwa msomaji kuliko ukingo ulionyooka.

Kuhusu fonti, siungi mkono wanaoidharau Times New Roman. Ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikaanza kutumika humo mwaka 1932, na umbo lake jembamba linayafaa maneno yetu marefu. Ila ipe hewa: herufi za pointi 11 kwenye mstari wenye kimo cha pointi 14, si 12. Pambizo la ndani, la upande wa mgongo wa kitabu, nalo lisipunguzwe ili kuokoa karatasi. Kitabu cha kubandikwa kwa gundi hakifunguki kikalala, na milimita 20 upande huo si anasa. Kama gharama inabana, punguza kurasa tupu au picha za mapambo kwanza.

Ukimlipa mtu akupangie kitabu, usimkabidhi muswada wote mara moja. Mwombe kurasa mbili zinazotazamana, moja iwe na mazungumzo, azichapishe kwa ukubwa halisi. Zigeuze juu chini, ili usishawishike kusoma, kisha tafuta weupe. Ukiuona, mwulize ameweka lugha gani kwenye programu yake kabla hujalipa malipo ya awali.