Pole ya kuuguza na fomu ya halmashauri

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, watu hukwambia, "Pole kwa kuuguza." Pole hiyo si ya mgonjwa. Ni yako wewe unayemgeuza kitandani, unayefua mashuka na kuhesabu vidonge. Nawe hujibu, "Nishapoa." Hujapoa, ila jibu ndilo hilo, na mazungumzo yanarudi kwa mgonjwa.

Jibu hilo hunijia kila ninaposikia wenzetu walioko Uingereza wakibishana kama kuna faida yoyote kuiomba halmashauri ikufanyie tathmini, yaani ipime unahitaji msaada gani, wewe unayemuuguza ndugu bila malipo. Wapo wanaoapa kwamba ni haki ya kupiganiwa. Wapo wanaosema ni saa mbili za kujianika mbele ya mgeni, kisha unaachiwa vipeperushi. Naona pande zote mbili zina hoja, ingawa mimi nina upande wangu.

Tuanze na sheria, na nitaisemea England, maana Scotland na Wales wana zao. Sheria ya Huduma ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Aprili 2015, inailazimisha halmashauri kumtathmini mtu mzima anayemhudumia mwenzake pale inapoonekana huenda naye anahitaji msaada. Fedha alizonazo hazimzuii kutathminiwa, wala idadi ya saa anazohudumia. Mgonjwa mwenyewe anaweza kukataa katakata kutathminiwa, na haki ya anayemuuguza ikabaki palepale. Sivyo ilivyokuwa zamani. Sheria ya mwaka 1995 ilimtambua tu mwenye kutoa huduma kubwa na ya mara kwa mara, tena aiombe mwenyewe, tena mgonjwa wake awe anatathminiwa.

Kwa hiyo wanaolalamika hawailalamikii sheria. Wanalalamikia umbali kati ya karatasi na kitanda. Sheria haikutaja siku ambazo halmashauri ikizivuka imekosa. Inatakiwa tu ifanye kazi katika muda unaofaa, na muda unaofaa kwa mwenye bajeti finyu si unaofaa kwa aliyekesha usiku wa nne mfululizo. Kisha kuna vigezo: mahitaji yako lazima yawe yametokana na kuuguza, yawe yanaharibu afya yako au yanakuzuia mambo kama kazi, masomo, malezi ya watoto au mapumziko, na athari yake kwa maisha yako iwe kubwa. Usipofika hapo unapewa taarifa na ushauri. Anayesema aliambulia vipeperushi hasemi uongo.

Hoja yao iliyo nzito zaidi, nami naikubali, ni ya mapumziko. Tuseme mke anayemuuguza mumewe tathmini inamkuta hoi, na wote wanakubaliana kwamba anahitaji mtu wa kumshikia zamu mara moja kwa wiki. Anayechoka ni mke. Lakini yule mshika zamu anakuja kumhudumia mume, kwa hiyo kisheria hiyo ni huduma ya mume. Mume lazima aikubali. Mume ndiye anayekaguliwa mali, na akiwa na akiba inayozidi pauni 23,250 huenda akalipa gharama yote. Mume akisema, "Sitaki mgeni anioshe," tathmini ya mke inabaki karatasi nzuri yenye ukweli mtupu. Hapa sheria imempa mke haki kwa mkono mmoja na ikaufunga mlango kwa mkono mwingine, na sijasikia utetezi wa kuridhisha.

Hata hivyo silioni kuwa sababu ya kutoomba. Linganisha na posho ya anayeuguza, fedha zinazotolewa na serikali kuu, ambayo haihitaji mtu yeyote akuulize hali yako. Inahesabu: umehudumia angalau saa 35 kwa wiki? Mshahara wako haukuvuka kiwango? Kuanzia Aprili 2025 posho hiyo ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki na kikomo cha kipato pauni 196. Ukikivuka kwa pauni moja, unapoteza posho yote ya wiki hiyo. Kanuni ya namna hiyo ni nyepesi kuiendesha na haina upendeleo, lakini haina macho. Haijui kama unalala. Tathmini, pamoja na udhaifu wake wote, ndiyo mahali pekee katika mfumo mzima ambapo ofisa analazimika kisheria kuuliza kama unaweza kuendelea kuuguza, na kama uko radhi kuendelea.

Swali hilo la pili ndilo linalowashinda watu wetu. Neno radhi kwetu lina uzito wake: ni kitu ambacho mtoto hukitafuta kwa mzazi. Sasa mtoto anakaa sebuleni, mama yuko chumba cha pili mlango wazi, na mgeni mwenye kalamu anauliza kama mtoto yuko radhi kumhudumia mama. Atajibu nini? Atajibu "nishapoa" kwa maneno mengine, na ofisa ataandika kwamba mhusika anaweza na yuko tayari. Karatasi hiyo itamfuata. Miezi sita baadaye akidondoka, faili litasema hakuwa na tatizo.

Ndiyo maana naona kosa si kuomba tathmini, ni kuiingia kama unapokea wageni. Omba ufanyiwe peke yako, mbali na mgonjwa, inaruhusiwa. Andika wiki nzima kabla ya hapo: umeamka mara ngapi usiku, umekosa kazi siku gani, miadi yako ya daktari uliyoiahirisha ni ya nini. Eleza siku mbaya, maana siku nzuri haihitaji msaada. Ukisema "mchana naweza, usiku siwezi," hujamkana mama. Umeipa halmashauri kitu cha kushughulikia. Wengine huogopa kwamba kusema hivyo ndiko kutakakompeleka mzee kwenye makao ya wazee. Nadhani mara nyingi ni kinyume chake: anayevunjika kimyakimya ndiye anayelazimisha uamuzi wa haraka.

Wakimaliza, wanatakiwa kukupa nakala. Wakisema hufikii vigezo, waandike sababu. Usiporidhika unalalamika kwa halmashauri yenyewe, kisha kwa msuluhishi wa malalamiko ya serikali za mitaa na huduma za jamii. Hali ikibadilika, unaomba upya.

Jambo moja zaidi ambalo familia hulisahau. Sheria hii haitambui mwenye zamu kubwa peke yake. Dada anayeshinda na baba na kaka anayekuja kulala usiku, kila mmoja anaweza kuwa na tathmini yake. Kwa kawaida anayetajwa ni dada tu, na hata yeye hutajwa na wengine. Ukimuuliza kaka hali ya dada, atakwambia keshapoa.