Mkanda umemdaka, sasa nani anamshusha?

Mipango mingi ya usalama kwenye ujenzi ina kurasa chungu nzima kuhusu helmeti na viatu. Ukifika sehemu ya dharura unakuta mistari miwili: piga king'ora, ita zimamoto. Kwa aliye chini, sawa. Kwa fundi aliye jukwaani ghorofa ya sita, huo si mpango.

Chukua fundi aliyeteleza, mkanda wa usalama aliouvaa ukamdaka. Watu wanashusha pumzi, kumbe hatari ya pili ndiyo kwanza inaanza. Akining'inia bila kusogeza miguu, damu inajikusanya miguuni na inayorudi kwenye moyo inapungua. Kichwa kinakuwa chepesi, kijasho chembamba kinamtoka, kisha anazimia. Anaweza kufa kabla ya nusu saa kuisha, na gari la zimamoto huenda bado limekwama kwenye foleni. Kwa hiyo wa kumshusha ni wenzake walio hapohapo, wenye vifaa vya uokoaji na waliokwisha kuvijaribu kwa gunia la mchanga. Vipo pia vitanzi vidogo vinavyokaa kwenye mkanda. Aliyening'inia anavifungua, anakanyaga humo na kusimama ili damu itembee wakati anasubiri. Sioni sababu ya mkanda wowote kukosa hivyo.

Wala simzushii mwajiri mzigo mpya. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu zinataka uokoaji upangwe mapema. OSHA ya Marekani, yaani wakala wa usalama na afya kazini, nayo inamtaka mwajiri ahakikishe aliyeanguka anaokolewa upesi, au anaweza kujiokoa mwenyewe.

Halafu kuna njia ya kushukia. Kagua jukwaa mchana, kazi ikiwa imepamba moto: ngazi ni moja, iko mwisho kabisa, na tundu lake limezibwa na ndoo za udongo na mbao za akiba. Moto ukiwaka upande huo, wa upande wa pili wanashukia wapi? Madirishani, wataniambia. Madirisha yenyewe yamepigwa plaiwudi! Na machela haipiti kwenye tundu la ngazi. Inataka ngazi za kawaida zenye vituo.

Najua fomani atalalamika kwamba zoezi la uokoaji linakula nusu siku. Kweli, linakula. Basi lifanyike siku jukwaa linapokabidhiwa, kabla halijapandishwa tofali hata moja.