Nani Amebaki Jikoni? Maoni ya Msomaji Kuhusu Riwaya na Tawasifu za Miaka Hii

Kila ninapomaliza riwaya au tawasifu mpya, huwa najiuliza swali moja kabla sijaanza kuupima ufundi wa mwandishi: mtu mdogo amepewa nafasi gani humu? Nasema mdogo kwa cheo na kipato, si kwa thamani. Namkusudia mtumishi wa ndani, dereva, mtoto aliyelelewa kwa watu, mwanamke aliyeolewa bila kuulizwa, askari asiye na nyota begani. Watu hawa wamo karibu katika kila kitabu, kwa kuwa hakuna maisha ya mkubwa yanayokwenda bila wao, lakini mara nyingi huingia na sinia la chai, wakatoka, na hatuwaoni tena. Baada ya kusoma vitabu kadhaa vilivyotoka miaka hii, na kurudia vingine vya zamani kidogo vinavyohusiana navyo, nimefikia rai kwamba riwaya zetu zimewatendea haki watu hao kuliko tawasifu, na kwamba tawasifu zinazodumu moyoni ni zile ambazo mwenyewe amethubutu kusimama mbele yao akatoa hesabu.

Nianze na «Theft» ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa Machi 2025, riwaya yake ya kwanza tangu apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Hadithi inakwenda baina ya Unguja na Dar es Salaam, na inawafuata vijana watatu: Karim, Fauzia na Badar. Karim ana akili na sura nzuri, na anasoma mpaka chuo kikuu. Fauzia ni msichana mpenda vitabu ambaye ugonjwa wa utotoni umemwachia mama yake hofu isiyokwisha. Badar ni mvulana anayetolewa kijijini na kupelekwa katika nyumba ya watu wenye uwezo Dar es Salaam, bila kuelezwa vyema anakwenda kufanya nini, na siku ile ile anakuwa mtumishi. Wanaomtuma hawamtesi. Wanamlisha, wanamlaza, wengine wanampenda kwa namna yao, na hapo ndipo ukali wa kitabu ulipo, kwa sababu Gurnah anatuonyesha jinsi wema wa mwenye nyumba unavyoweza kukaa pamoja na dharau bila mwenye nyumba kuhisi kwamba kuna kasoro yoyote. Mzee wa nyumba ile anamchukia Badar kwa kosa lililotendwa na mwingine kabla mtoto hajajitambua, na tuhuma ya wizi inapomwangukia hakuna anayeona haja ya kumsikiliza kwa dhati.

Nimekaa na sura hizo muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kitabu. Waswahili tunazijua nyumba za namna hiyo. Tunamjua mtoto anayeitwa ndugu mbele ya wageni na kuitwa kwa kupigiwa kelele wageni wakishaondoka, anayeamka kabla ya wote na kula baada ya wote. Tumeishi naye, na wengi wetu hatukuwahi kumuuliza usiku anawaza nini. Gurnah amemuuliza, na jibu alilolipata halina kilio wala hotuba. Badar anatazama, anajifunza kazi, anajifunza tabia za watu, anahifadhi. Polepole msomaji anagundua kwamba mtu pekee katika hadithi nzima anayewaona wenzake walivyo ni yule ambaye wenzake hawamwoni.

Sisemi kwamba riwaya hii haina upungufu. Wageni wa Kizungu wanaokuja Unguja katika sehemu ya mwisho, watalii pamoja na wale waliokuja kujitolea, wamechorwa kwa wepesi usiolingana na subira aliyopewa Badar, na mabadiliko ya Karim, kutoka kijana mwenye huruma hadi mtu anayejiona kuwa dunia inamdai, yanakuja kwa haraka mno. Nilitaka kuona siku kiburi kilipoanza kuingia, maana mtu haamki asubuhi moja akawa mkatili kwa mkewe. Hata hivyo, mwanzo wa kitabu, tunapomfuata Raya, mama yake Karim, aliyeozwa kwa mwanamume mkubwa na mkali kisha akaondoka na mtoto wake mdogo kurejea kwa wazazi, una nguvu inayotosha kuyabeba mapungufu hayo.

Anayetaka kuona Badar ametoka wapi katika fikra za mwandishi asome «Peponi», tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kutokana na riwaya ya 1994. Yusuf wa «Peponi» ni mtoto aliyewekwa rehani na baba yake kwa tajiri anayemdai, naye anamwita tajiri huyo ami mpaka mtumwa mwenzake wa dukani anapomweleza kwamba si ami yake hata kidogo. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho kwa Kiingereza, nikakipenda. Kwa Kiswahili nimekiogopa, kwa maana nzuri ya neno hilo, kwa sababu mazungumzo ya dukani, matani, matusi na maneno ya kujikweza ya matajiri wa msafara yanasikika kama yalivyosemwa barazani, na msomaji hana pa kujificha. Katika «Afterlives» ya 2020 yumo Afiya, msichana anayepigwa mpaka mkono unavunjika kwa kosa la kujua kusoma na kuandika, na ni kwa maandishi hayo hayo anafaulu kumpelekea mtu mwema ujumbe mfupi wa kuomba msaada. Yumo pia Hamza, aliyejiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake na kurudi na jeraha la nyonga. Historia rasmi ya Vita Vikuu vya Kwanza, alivyopigana Hamza, imewataja majenerali, na askari wa aina ya Hamza wameachiwa tarakimu.

Sasa nije kwenye tawasifu, na niseme mapema kwamba nazisoma kwa heshima. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizindua «Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu» tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96, na akaiaga dunia Februari 2024. Jambo la kwanza la kumshukuru ni kwamba aliandika kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni cha mwalimu: sentensi zinakaa sawa, hadithi haikimbii. Kurasa za utoto wake, mtoto wa Mkuranga anayepelekwa Unguja kusoma, ni miongoni mwa kurasa bora za tawasifu ya Kiswahili nilizozisoma, kwa kuwa humo bado hajawa mkubwa, naye anaitazama dunia akiwa chini yake.

Kisha kuna suala la kujiuzulu. Katika miaka ya 1970, Mwinyi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, vyombo vya dola viliwakamata watu katika mkoa wa Shinyanga wakati wa msako wa wauaji wa vikongwe, na baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwa dola. Waziri hakuwa pale, hakuamuru, hakupiga mtu, lakini aliachia ngazi. Kwa nchi ambazo kiongozi huachia ngazi pale tu anapofukuzwa, kitendo hicho kinastahili kusimuliwa kwa wajukuu. Naamini ndicho kilichompa Mzee Mwinyi heshima aliyokwenda nayo mpaka Ikulu mwaka 1985. Lakini nilipofika hapo nilitamani tukae zaidi Shinyanga. Tunaifahamu dhamira ya waziri na tunaifahamu njia ya ofisini ambayo barua ilipita, ilhali wale waliokufa walikuwa na majina, na waliacha nyumba ambazo hata leo zina watu. Mtu aliyekuwa na ujasiri wa kujiuzulu kwa ajili yao alikuwa na haki kuliko mwingine yeyote ya kutupeleka mpaka mlangoni kwao.

Hali hiyo hiyo nimeiona katika kurasa za urais. Kulegezwa kwa masharti ya biashara, baada ya miaka ya foleni za sukari, sabuni na khanga, kulibadilisha maisha ya kila nyumba Tanzania, na Azimio la Zanzibar la 1991, lililolegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha mwaka 1967, lilibadilisha maana ya kuwa kiongozi. Mzee anatueleza uamuzi. Nilikuwa na hamu ya kumsikia mama aliyesimama kwenye foleni, na mfanyakazi wa kiwanda ambaye bidhaa za nje zilipoingia hakujua tena kazi yake ingekuwepo mpaka lini.

Benjamin Mkapa alitangulia na «My Life, My Purpose» mwaka 2019, miezi michache kabla ya kufariki Julai 2020. Kiliandikwa kwa Kiingereza, lugha aliyoisomea Makerere, na kina ukali wa mhariri aliyepitia vyumba vya magazeti: hakizunguki. Ukurasa ulionishika ni ule anaokiri kwamba mauaji ya Januari 2001, wakati polisi walipowakabili waandamanaji Zanzibar, na Pemba hasa, ni doa katika uongozi wake. Watu zaidi ya elfu mbili walivuka bahari wakaenda Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi, jambo ambalo Watanzania tulizoea kulisikia kwa majirani. Kukiri kwa rais mstaafu si kitu kidogo, na sitaki kukipunguza. Ila doa linamtaja aliyevaa nguo. Aliyepigwa risasi hamo ndani ya neno hilo, na msomaji wa Micheweni au Wete anayekisoma kitabu hicho analiona pengo hilo upesi kuliko mimi.

Wapo watakaosema nawaonea wazee hawa, kwa kuwa tawasifu ni hadithi ya nafsi, na rais hana budi kusimulia yale aliyoyaona kutoka kwenye kiti chake. Nimelifikiria jibu hilo kwa makini, na halinitoshi, kwa sababu nimesoma tawasifu za mtu mwingine aliyekuwa na jina kubwa ambazo zimefanya ninalolidai. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alianza kumbukumbu zake kwa «Dreams in a Time of War» mwaka 2010, na mhusika anayekitawala kitabu kile ni mama yake, Wanjiku, mkulima asiyejua kusoma, mke wa tatu katika boma la wake wanne. Anakubaliana na mwanawe kwamba hatakosa shule hata njaa ikiuma, na kila mtoto anapoleta matokeo mazuri yeye anauliza kama kweli hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Katika kitabu kilichofuata, cha 2012, kijana anarudi kutoka shule ya sekondari ya Alliance mwisho wa muhula wake wa kwanza na kukuta kijiji kizima kimebomolewa, watu wamehamishiwa katika kijiji cha hali ya hatari, yaani kijiji cha lazima kilichowekwa na wakoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Ukoloni uliozungumzwa katika vitabu vingi vya historia, hapo unaonekana katika mvulana aliyevaa sare za shule akitafuta nyumba kwao. Ngũgĩ alikuwa amefikia umri na sifa za kujisimulia kama shujaa, naye akachagua kumwacha mama yake awe mkubwa kuliko yeye.

Nitaje kwa ufupi «The House of Rust» ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, ya mwaka 2021, ambamo binti aitwaye Aisha anaingia baharini kwa chombo cha mifupa, akifuatana na paka anayesema, kumtafuta baba yake mvuvi. Ni kazi ya ndoto na majini, na si kila ukurasa ulinishika, lakini bibi yake Aisha, anayetaka mjukuu aolewe na atulie, ni mtu niliyemtambua mara moja.

Kwa upande wa Kiswahili tuna mfano ambao haujasomwa vya kutosha, nao ni «Mbali na Nyumbani» ya Adam Shafi, ya mwaka 2013. Mwandishi wa «Kuli» na «Vuta N'kuvute» anasimulia safari za ujana wake mbali na Unguja, wakati alipokuwa hana cheo wala pesa, na watu anaokutana nao njiani wanapewa sura na sauti hata kama wanakaa ukurasa mmoja tu. Kitabu hicho kinathibitisha kwamba tawasifu ya Kiswahili inayotazama kutoka chini inawezekana, tena inasomeka kwa utamu wa riwaya.

Ndiyo maana nina pendekezo mahususi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, ilianza na riwaya na ushairi. Naomba tawasifu ipewe nafasi yake, na masharti yaseme waziwazi kwamba inatafutwa kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kushika madaraka ya juu. Wapo walimu walioingia darasani wakiwa wametoka tu darasa la saba, pale Elimu ya Msingi kwa Wote ilipohitaji walimu wengi kwa haraka. Wapo waliohamishwa makwao wakati wa operesheni za vijiji, na wapo askari waliokwenda Kagera mwaka 1978 wakarudi bila kuulizwa. Wengi wao wamekwisha kuwa wazee. Asiyeweza kuandika asaidiwe na kijana mwenye kinasa sauti na subira, kama viongozi wetu walivyosaidiwa, na jina la msimulizi ndilo litangulie kwenye jalada.