Nani aliandika 0.16 kila mahali?

Jamani mimi nimechoka. Nimerithi mfumo wa mauzo wa duka fulani, nafungua faili moja tu nakuta mistari ya msimbo elfu tatu na ushee, vigeu, yaani majina ya kuhifadhia thamani, vinaitwa x, x2, data, data2, dataMpya, halafu chini huko kuna dataMpyaKweli, sasa ile ingine ilikuwa ya uongo ama?

Lakini kilichonimaliza ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Huyu ndugu ameandika 0.16 kwa mkono kila mahali, kwenye risiti, kwenye ripoti, kwenye bidhaa zilizorudishwa, hakuna jina hakuna nini. Mnakumbuka Aprili 2020 Kenya ilishusha VAT hadi asilimia 14, halafu Januari 2021 ikarudi 16? Basi kuna mtu alipita akibadilisha moja moja, kurudisha akasahau sehemu nyingine, na hadi leo ripoti ya mwezi inakata 0.14 na risiti 0.16, mwenye duka ananipigia mimi saa mbili usiku eti hesabu hazikubaliani. Si ungeiweka mahali pamoja tu, KIWANGO_CHA_VAT, ubadilishe mara moja uende ukanywe chai!

Na hiyo mistari mia mbili mliyoizima isifanye kazi mkaandika "tusifute, itasaidia", ya nini jamani na Git, programu ya kutunza matoleo yote ya msimbo, iko tangu 2005, inakumbuka makosa yako kuliko mama mkwe?

Maelezo pekee ya maana nimeyakuta juu ya fankshoni, kipande cha msimbo chenye kazi yake, inayoitwa fanya(). Yanasema "usiguse". Nikagusa. Risiti zimegoma kutoka.